Gesi ya Dampo Haisubiri Kikao

Kila baada ya miaka michache Dar es Salaam huletewa habari ile ile ikiwa imevalishwa nguo mpya: taka zetu zitatupa umeme. Habari hiyo huja na mchoro wa rangi, jedwali la megawati na jina la mfadhili. Huja pia na wageni waliovaa buti safi, ambao hupelekwa dampo asubuhi na mapema na kupigwa picha upande ambao upepo hauwaletei harufu. Baada ya hapo huwa kimya, mpaka mgeni mwingine aje na mchoro mwingine.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mchoro uliitwa Takagas. Mfuko wa Mazingira Duniani, kupitia Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, ulikubali kugharimia mtambo wa mfano ambao ungeozesha taka za jiji na za viwandani ndani ya matangi yaliyofungwa, utoe gesi, umeme na mbolea, na Afrika nzima ije kujifunza hapa. Mtambo haukujengwa. Kilichobaki ni ripoti, ambazo hadi leo wataalamu wa mazingira huzinukuu wanapotaka kuonyesha jinsi wazo zuri linavyoweza kufia mezani.

Mwaka 2007 zamu ikawa ya Mtoni, dampo la Temeke lililo karibu na mkono wa bahari wa Kizinga. Kampuni ya Kitaliano ikishirikiana na Jiji iliuandikisha mradi wa kuvuna gesi ya dampo hilo na kuzalisha umeme chini ya Itifaki ya Kyoto. Ulikuwa mradi wa kwanza wa Tanzania kuingia kwenye biashara ya vyeti vya kaboni, ambamo kila tani ya gesi joto iliyozuiwa ilipewa cheti cha kuuzwa. Hati za mradi zilikadiria kwamba kila mwaka ungezuia gesi joto sawa na zaidi ya tani 200,000 za hewa ukaa. Visima vilichimbwa, mabomba yakatandazwa, mwenge wa kuchomea gesi ukasimamishwa. Ama umeme, ambao umo ndani ya jina la mradi wenyewe, wewe tafuta wazalishaji wadogo walioiuzia TANESCO umeme miaka iliyofuata: utakikuta kiwanda cha sukari cha TPC kule Moshi, utaikuta TANWAT ya Njombe na kuni zake, utaikuta Mwenga ya Mufindi na maporomoko yake. Mtoni hutaiona.

Ni rahisi kumaliza habari hapo kwa kulaumu wafadhili au wanasiasa, na lawama hizo zina watu wengi wa kuzibeba. Mimi naona tatizo lilianza mapema zaidi, kwenye swali lenyewe. Tumezoea kuuliza dampo fulani lina gesi kiasi gani. Swali linaloamua mambo ni lingine: dampo hilo linatunzwaje siku ambayo hakuna mgeni?

Gesi yenyewe haina miujiza. Taka zikimwagwa, wiki za kwanza huoza kwa msaada wa hewa, zikitoa joto na hewa ukaa. Zikifunikwa na taka nyingine na oksijeni ikaisha, kazi hushikwa na bakteria wa aina nyingine wasiopenda hewa kabisa. Miezi kadhaa baadaye huanza kutoka mchanganyiko ambao takriban nusu yake ni methani, sehemu kubwa inayobaki ni hewa ukaa, na chembe za gesi nyinginezo, mojawapo ikiwa ile inayonuka kama yai viza. Methani haina harufu. Mtu anayesimama juu ya dampo na kuziba pua anaikimbia gesi nyingine. Ile yenye nguvu inampita bila kubisha hodi.

Wazungu hawakuivuta kwa kutafuta nishati peke yake. Waliiogopa pia. Methani ikichanganyika na hewa kwa kiwango cha kati ya asilimia 5 na 15, cheche moja inatosha kuilipua. Tarehe 24 Machi 1986, katika kijiji cha Loscoe nchini Uingereza, nyumba moja ilibomolewa kabisa na gesi iliyopenya chini ya ardhi kutoka kwenye jaa la jirani. Baada ya hapo sheria za kudhibiti gesi ya majaa zilikazwa, visima vikachimbwa kwa ajili ya usalama, na watu wengi zaidi wakajiuliza kwa nini wachome bure kitu kinachoweza kuendesha injini. Hofu ya tabianchi ilikuja baadaye: ukihesabu kwa miaka 100, tani moja ya methani huongeza joto la dunia karibu mara 28 kuliko tani ya hewa ukaa, na ukihesabu kwa miaka 20 tu, ni zaidi ya mara 80.

Mtambo wa kuivuna ni wa kawaida kiasi kwamba fundi bomba mzuri anaweza kuuelewa kwa dakika kumi. Unachimba shimo ndani ya taka, unashusha bomba la plastiki lenye matundu, unalizungushia kokoto, unaziba juu kwa udongo wa mfinyanzi. Visima vyote vinaunganishwa na bomba kubwa, na mwisho wake kuna mashine ya kuvuta. Gesi inakaushwa unyevu, kisha inaingia kwenye injini inayozungusha jenereta, au, injini isipokuwapo, inachomwa kwenye mwenge. Injini ya megawati 1 inataka kati ya mita za ujazo 500 na 600 za gesi ya jaa kila saa, usiku na mchana, sikukuu na siku za kazi.

Shida imejificha kwenye mambo ambayo mchoro hauyaonyeshi. Mashine ikivuta na juu ya dampo hakuna udongo uliofunika vizuri, itavuta hewa ya nje badala ya gesi. Oksijeni ikiingia ndani, bakteria wanakufa na taka zinaweza kushika moto huko chini, moto usioonekana unaochukua wiki kuuzima. Maji ya mvua yasipopitishiwa mitaro, yanajaa ndani ya dampo na kuvizamisha visima. Taka zisiposhindiliwa na katapila, zinakuwa kifuniko chembamba kilichotandaa ekari nyingi, bila kina cha kutosha kuhifadhi gesi. Na dampo likiwashwa moto, iwe na wanaochoma nyaya kutafuta shaba au na joto la taka zenyewe, linakula chakula ambacho kingezaa gesi. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji teknolojia ya kigeni. Yote ni kazi ya usafi ya kila siku: kifusi, mitaro, katapila lenye dizeli, mlinzi getini, na mizani inayopima kila gari linaloingia ili mtu ajue alichonacho.

Kuna pia jambo la hali ya hewa, ambalo naona halikupewa uzito wake. Sehemu kubwa ya taka za Dar es Salaam ni mabaki ya vyakula: maganda ya ndizi na mihogo, mboga zilizonyauka, matunda yaliyoharibika njiani kabla ya kufika sokoni. Katika joto letu na unyevu wetu, vitu hivi huoza haraka mno. Hesabu nyingi zilizotumika kukadiria gesi ya majaa zilitungwa kwa uzoefu wa nchi za baridi, ambako karatasi na mbao huoza taratibu na gesi hutoka polepole kwa miongo. Hapa gesi inapanda upesi, inafika kileleni, inashuka upesi. Wakati kamati inasubiri kibali na kibali kinasubiri saini, methani imeshatoka na kwenda zake angani. Dampo likishafungwa bila chakula kipya kuingia, kila mwaka wa kuchelewa ni mwaka wa mavuno uliopotea. Mtoni, wakati mradi wake unaandikishwa, lilikuwa dampo linaloelekea ukingoni mwa maisha yake; baada yake Jiji lilihamia Pugu Kinyamwezi.

Kwa anayetaka kuona mradi wa aina hii uliofanya kazi hapa hapa Afrika, na gharama yake halisi, mahali pa kutazama ni Durban. Jiji hilo, ambalo halmashauri yake inaitwa eThekwini, lilianza kuupanga mradi wake mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwenye majaa matatu: Mariannhill, La Mercy na Bisasar Road. Benki ya Dunia, kupitia mfuko wake wa kwanza wa kaboni, ilikuwa tayari kununua vyeti. Mwishoni mwa mwaka 2006 injini za Mariannhill na La Mercy zilianza kuzunguka, na baadaye kidogo Bisasar Road ikafuata, yenyewe ikiwa na zaidi ya megawati 6. Kwa jumla mradi ulifika kiasi cha megawati 7 na nusu. Ukizilinganisha na mahitaji ya jiji kubwa kama Durban hazifiki hata asilimia moja, lakini zilikuwa umeme wa kweli unaoingia kwenye nyaya za kweli, na mradi huo hutajwa kuwa wa kwanza wa aina yake barani.

Kwa nini Durban na si sisi? Wengi watajibu: fedha. Mimi nasema mizani na udongo. Mariannhill lilifunguliwa mwaka 1997 likiwa limetandikwa chini tabaka la kuzuia maji machafu yasizame ardhini, maji yanayochuruzika kutoka kwenye taka yanakusanywa na kusafishwa, taka zinafunikwa, na miti ya asili iliyong'olewa wakati wa ujenzi inatunzwa ili irudishwe baadaye. Bisasar Road nako jiji lilikuwa likivuta na kuchoma sehemu ndogo ya gesi, kwa ajili ya usalama na harufu, kabla mtu hajataja cheti cha kaboni. Kwa maneno mengine, watu wa Durban walipoletewa mradi wa gesi tayari walikuwa na jaa. Sisi tulipoletewa, tulikuwa na mahali pa kumwaga taka.

Na hata hao hawakupona. La Mercy, jaa dogo na la zamani, lilikuwa limejaa maji ndani. Gesi ikatoka kwa kusuasua, ya kuendeshea injini haikutosha, na mwishowe injini ikaondolewa huko. Kwenye karatasi majaa yote matatu yalikuwa sawa. Ikumbukwe pia kwamba huyu alikuwa mwanafunzi bora wa darasa, mwenye wahandisi wake na vipimo vyake. Kwingineko duniani miradi mingi ya gesi ya majaa iliyoandikishwa chini ya Kyoto ilitoa vyeti vichache mno kuliko ilivyokuwa imekadiria, hata wanunuzi wa kaboni wakajifunza kukata makadirio hayo kabla ya kuandika bei.

Halafu kuna ofisi. Injini ya gesi ya jaa ni mashine inayoteseka: gesi yake ni chafu, ina unyevu na kemikali zinazoacha utando mgumu kama kioo ndani ya mitungi. Inataka oili kubadilishwa mara kwa mara, vipuri kwa wakati, fundi anayeijua kwa sauti. Sasa ichukue mashine hiyo uiweke chini ya halmashauri. Afrika Kusini ilikuwa imetunga mwaka 2003 sheria ya usimamizi wa fedha za manispaa, sheria nzuri iliyokusudiwa kuziba mianya ya wizi, na sheria hiyo inataka mkataba wowote unaozidi miaka 3 upite kwenye mchakato wake wa pekee. Mkataba wa kuuza kaboni au wa kutunza injini ni wa miaka mingi kwa asili yake. Wahandisi wakajikuta wakiandika barua kuliko kufunga bolti. Anayezijua zabuni za halmashauri zetu hahitaji kuambiwa zaidi. Ununuzi wa kipuri unaochukua miezi minne haumkeri sana anayenunua meza za ofisi. Kwa injini inayolala, kila saa ni gesi inayopotea na cheti kisichopatikana.

Upande wa fedha mambo yalikwenda kinyume na hesabu za wote. Wakati Durban inapanga, umeme wa Eskom, shirika la umeme la Afrika Kusini, ulikuwa wa bei ya kutupa, hivyo kuuza umeme wa taka kusingerudisha mtaji hata kidogo. Kaboni ndiyo ingelipa. Mwaka 2008 cheti cha tani moja chini ya utaratibu wa Kyoto kilipita euro 20. Mwishoni mwa mwaka 2012 kilikuwa kimeshuka chini ya euro 1. Mradi uliotegemea kaboni peke yake ulikuwa umekufa, na mingi ilikufa, kimyakimya, mitambo ikiachwa ipate kutu. Kilichoiokoa Durban hakikuwamo kwenye mpango: mgao mkali wa umeme wa mwaka 2008 uliilazimisha Afrika Kusini kupandisha bei za Eskom kwa kasi, asilimia ishirini na kitu hadi thelathini na kitu kwa mwaka, miaka kadhaa mfululizo. Umeme uliokuwa ziada ukageuka kuwa ndio mapato. Wapangaji hupenda kujisifu baada ya mambo kama hayo. Ukweli ni kwamba bahati mbaya ya taifa ikawa bahati njema ya jaa.

Hapa kwetu bahati imegeuka upande mwingine. Tanzania yenye Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, haitalala macho ikitafuta megawati mbili kutoka Pugu. Anayekuja leo kutuuzia gesi ya dampo kwa hoja ya upungufu wa umeme amechelewa, na ni vizuri aambiwe hivyo mlangoni.

Jambo ninalotaka kukaa nalo zaidi ni la majirani, kwa sababu ndilo ambalo ripoti za miradi hulipa aya moja.

Bisasar Road lilifunguliwa mwaka 1980 katikati ya Clare Estate, eneo ambalo serikali ya ubaguzi wa rangi ilikuwa imelitenga kwa ajili ya watu wenye asili ya India. Ng'ambo ya barabara, nyumba ya familia yao ikitazamana na jaa, aliishi Sajida Khan. Wakazi walikuwa wameahidiwa kwamba jaa litafungwa na kugeuzwa viwanja vya kuchezea. Mwaka 1996, chini ya serikali mpya waliyoipigia kura, jaa likapewa kibali kipya cha kuendelea. Khan alikusanya maelfu ya saini, akajisomea mwenyewe sayansi ya gesi za majaa, akaenda mahakamani, na mradi wa kaboni ulipokuja akaupinga rasmi kwenye tathmini ya athari kwa mazingira. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleza: fedha za kaboni zitalipa jiji sababu ya kutolifunga jaa. Jiji lilijibu kwamba gesi imo tayari, na kuivuta kunawapunguzia majirani harufu na sumu, jaa liwe wazi au limefungwa. Kitaalamu jiji lilikuwa sahihi. Kisiasa, Khan ndiye aliyekuwa sahihi, maana hakuna idara ya fedha inayopenda kufunga chanzo kipya cha mapato. Benki ya Dunia ilijitoa Bisasar Road na kubaki na yale majaa mawili madogo. Jiji likaendelea kwa fedha nyingine, ukiwamo mkopo wa shirika la maendeleo la Ufaransa. Sajida Khan alifariki kwa saratani mwaka 2007, jaa likiwa bado linapokea taka.

Hata hivyo, kumfanya yeye kuwa sauti ya majirani wote ni kukosea. Ukutani kabisa mwa jaa hilo kulikuwa na mtaa wa vibanda wa Kennedy Road, maelfu ya Waafrika weusi waliokuja kutafuta kazi mjini. Baadhi yao walikula kwa kuokota vyuma, makaratasi na plastiki ndani ya jaa. Kwao, kufungwa kwa jaa kulimaanisha njaa, na mradi wa gesi ulimaanisha ahadi ya ajira. Kwa hiyo mwenye nyumba wa Clare Estate na mwenye kibanda wa Kennedy Road walisimama pande mbili za mradi mmoja, kila mmoja na haki yake. Ajira zenyewe zilikuwa chache, kama zilivyo siku zote kwenye mitambo ya namna hii: visima havihitaji watu mia. Mwaka 2005 watu wa Kennedy Road walifunga barabara kwa hasira baada ya kiwanja walichoahidiwa kwa nyumba kwenda kwa mwingine, na kutokana na siku hiyo likazaliwa vuguvugu la wakazi wa vibanda la Abahlali baseMjondolo, ambalo jina lake sasa linajulikana mbali kuliko la mradi wa gesi.

Na kuna hili. Mwaka 2001 jiji lilisitisha kuunganisha umeme kwenye mitaa ya vibanda, likisema ni makazi ya muda. Mishumaa na majiko ya mafuta ya taa yakaendelea kuwasha moto Kennedy Road, na watu wakaungua. Basi ukaja wakati ambapo taka zilizokuwa mita chache kutoka kwenye vibanda hivyo zilizalisha umeme wa zaidi ya megawati 6, umeme ukapita juu, ukaenda mjini. Sijasoma hati ya mradi iliyoona hapo tatizo. Mpango ulihesabu tani, ukahesabu kilowati, na kwa vipimo hivyo ulifaulu.

Dar es Salaam tunayo historia yetu ya majirani wa dampo, na ni historia ya kujivunia. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walilishtaki Jiji kwa moshi, nzi na harufu ya dampo lililokuwa mitaani kwao, wakashinda. Jiji likarudi mahakamani kuomba muda zaidi, na zaidi tena, hadi mwaka 1991 Jaji Lugakingira alipokataa, akisema kwamba kuhatarisha afya za watu namna ile ni kugusa haki yao ya kuishi iliyomo katika Katiba. Jiji likahamia Kunduchi Mtongani. Mkazi mmoja na wenzake 794 wakaenda mahakamani nao, wakashinda pia. Ndipo taka zikaenda Vingunguti, kisha Mtoni, kisha Pugu Kinyamwezi, kila mara mbali kidogo na watu wanaojua njia ya mahakamani. Ukizifuata hukumu hizo kwenye ramani utaona jiji lililojifunza kuhamisha dampo bila kujifunza kulitunza.

Matokeo ya kutolitunza hayahitaji tena hadithi za mbali. Mwezi Machi 2017 lundo la taka la Koshe, Addis Ababa, liliporomoka na kuua zaidi ya watu 110. Mwezi Agosti 2024 likaporomoka la Kiteezi, nje ya Kampala, jaa lililokuwa likipokea taka tangu mwaka 1996. Waliokufa walipita 30. Dandora ya Nairobi ilitangazwa kujaa mwaka 2001 na magari bado yanaingia. Katika miji hiyo yote mipango ya kugeuza taka kuwa nishati imewahi kuzungumzwa. Addis Ababa ilifika hata kujenga, tena si mtambo wa gesi bali tanuri la kuchomea taka, lililozinduliwa mwaka 2018 pale pale Koshe.

Sisemi gesi iachwe. Methani inayotoka Pugu leo inatoka, tuwe na mradi au tusiwe nao, na kuichoma tu kwenye mwenge, bila hata kilowati moja, ni kazi yenye faida kwa dunia na kwa mapafu ya watu wa Kinyamwezi. Ila lazima tuchague tunataka nini, maana hivi viwili havikai pamoja bila kugombana. Manispaa ya Kinondoni, kwa ushirikiano na jiji la Hamburg la Ujerumani, ina kiwanda cha mboji Mabwepande kinachopokea taka za masoko. Kila tani ya mabaki ya mboga inayokwenda Mabwepande ni tani ambayo haitazaa methani dampo. Huo ni ushindi kwa tabianchi na kwa mkulima, na ni hasara kwa mwekezaji wa visima. Mkataba wa gesi unaoilazimisha halmashauri kupeleka dampo kiasi fulani cha taka kila siku kwa miaka 15 au 20 unaifunga mikono isitenganishe taka kamwe. Vipengele vya namna hiyo huwa havisomwi kwa sauti kwenye uzinduzi.

Kwa rai yangu taka za masoko ziende kwenye mboji, na visima vichimbwe kwa ajili ya taka zilizokwisha kufukiwa, ikubaliwe tangu mwanzo kwamba maisha yake ni mafupi. Umeme ukipatikana, uanze na pampu, taa na ofisi za dampo lenyewe, na nyumba zilizo jirani nalo. Kinachozidi ndicho kiuzwe.

Kwa hiyo, mheshimiwa diwani, utakapoletewa tena ule mchoro wa rangi, usianze na ukurasa wa megawati. Waulize wanaoushika: mizani ya getini imefanya kazi siku ngapi mwezi uliopita? Kifusi cha kufunika taka kinatoka wapi, na kimetengewa fungu gani kwenye bajeti? Injini ikisimama Ijumaa jioni, nani ana mamlaka ya kununua kipuri Jumamosi? Wanaookota chupa humo ndani wamehesabiwa, na wameambiwa nini? Bei ya kaboni ikishuka chini ya euro 1 kama ilivyoshuka mwaka 2012, nani atalipa mshahara wa fundi? Wasipokuwa na majibu, wape chai, washukuru kwa safari, na usitie sahihi.